Lindley Murray na Kosa Ubaoni

Mwalimu anaposahihisha daftari kwa kalamu nyekundu hana budi kujiuliza: sentensi hii ya Kiingereza ni kosa kwa sababu gani? Maisha ya Lindley Murray yatatusaidia kulitazama swali hilo.

Murray alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1745, katika jamaa ya Marafiki, yaani Quaker. Alisomea sheria, kisha akafanya biashara New York na kupata mali. Afya yake ilipodhoofika alihamia Uingereza mwaka 1784, akakaa Holgate, karibu na York. Huko misuli yake ilizidi kulegea, hata kutembea kukamshinda.

Walimu wa shule ya wasichana mjini York walimwomba awaandikie sarufi, nayo ikatoka mwaka 1795. Kanuni nyingi alizitwaa kwa waliomtangulia, hasa Askofu Robert Lowth, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1762. Sifa ya Murray ilikuwa katika mpango. Mambo ya msingi yalipigwa chapa kwa herufi kubwa, na maelezo kwa herufi ndogo. Tena aliwapa wanafunzi sentensi zenye makosa wazisahihishe wenyewe. Mwaka 1797 akatoa kitabu kizima cha mazoezi hayo, pamoja na kitabu cha majibu. Alifariki mwaka 1826, na vitabu vyake viliendelea kutumika Uingereza na Marekani kwa miaka mingi.

Njia hiyo yafaa hata kwetu. Mtoto aliyelitafuta kosa na kulitajia sababu hulikumbuka. Lakini ina hatari: kosa likiachwa ubaoni, jicho hulizoea. Likisahihishwa, lifutwe mara moja.

Hata hivyo makosa si ya namna moja. "Boy the came" haisemwi na yeyote aliyezaliwa katika Kiingereza. Imevunja mpango wa lugha yenyewe. "You was" ni jambo jingine. Katika karne ya 18 hata wasomi waliitumia kwa mtu mmoja. Lowth aliikataa vikali, na leo si Kiingereza sanifu, ingawa wenyeji wengi wa lugha hiyo wangali wakiisema.

Zote mbili tutazisahihisha, kwa kuwa mtihani wadai usanifu. Lakini tusimwambie mtoto maneno yale yale. Wa kwanza aonyeshwe mpango wa maneno. Wa pili aelezwe kuwa wengine husema hivyo, ila shuleni twaandika "you were". Mwalimu asiyetofautisha hayo humfanya mtoto aogope kufungua kinywa.