María Sabina: mama aliyetibu kwa uyoga, siri yake ikatoka inje

Katika milima ya Oaxaca, kusini mwa inchi ya Meksiko, kuko muji unaoitwa Huautla de Jiménez. Wenyeji wa kule ni Wamazateki. María Sabina alizaliwa pale mwaka wa 1894. Hakuingia masomo hata siku moja, na Kihispania, lugha ya serikali, hakukijua. Alisema Kimazateki tu. Lakini jina lake lilizunguka dunia juu ya uyoga mdogo unaoota wakati wa mvua.

Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo sana. Mama yake akarudi kwao pamoja na watoto wawili, María Sabina na mdogo wake María Ana. Njaa ilikuwa mingi. Siku moja, wakichunga wanyama porini, wale watoto waliokota uyoga waliowahi kuona mganga mmoja akitumia, wakaula. Hawakupata shiba tu, walipata na maono. Upande wa baba yao, babu na baba ya babu walikuwa waganga wa uyoga huo, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshangaa sana.

Akiwa na miaka 14 alipewa bwana. Tangu siku ile aliacha uyoga, maana kwa desturi yao mutu anayeukula anapaswa kujitenga na mambo ya ndoa. Yule bwana alikufa, akamwachia watoto watatu. Kiisha María Ana akashikwa na ugonjwa mukali, na waganga wengine wakashindwa. Ndipo María Sabina akakula uyoga mwingi usiku, akaimba mpaka asubuhi, akimpapasa mgonjwa. María Ana akapona, na habari ikaenea muji muzima. Bwana wa pili alikuwa mulevi na alimpiga. Yeye naye alipokufa, mama huyu akabaki na kazi mbili: kulima na kutibu.

Kwa Wamazateki, ile haikukuwa starehe. Waliita uyoga watoto watakatifu. Ulikuliwa usiku, kwa giza, mbele ya altare ya nyumbani, kwa sababu moja: kujua ugonjwa umetoka wapi. María Sabina alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na katika nyimbo zake za mkesha majina ya watakatifu yalichanganyika na ya milima na mito. Siri ilikuwa na sababu yake. Tangu karne ya 16, mapadri wa Kihispania waliandika juu ya uyoga huo na kuupiga vita kama kazi ya shetani. Watu wakaendelea kuutumia kwa kujificha, miaka karibu 400.

Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 mlango ukafunguka. R. Gordon Wasson, mkubwa katika banki ya J.P. Morgan ya New York, alifika Huautla na mpiga picha Allan Richardson. Hakukuwa mgonjwa. Lakini kiongozi mmoja wa muji aliomba kwa niaba yake, na María Sabina hakuona namna ya kukatalia mutu wa serikali. Aliwapa uyoga. Mwezi wa 5 mwaka wa 1957, gazeti Life la Marekani likatoa habari yote na picha. Wasson alibadilisha jina la mama na la eneo, lakini haikusaidia. Watu walitafuta, wakapata.

Wataalamu nao walifika. Roger Heim wa Paris alitambua aina za uyoga ule na kuuotesha. Mwaka wa 1958 Albert Hofmann, katika kampuni ya Sandoz kule Basel, Uswisi, akatoa ndani yake kemikali mbili: silosibini na silosini. Mwilini, silosibini inageuka kuwa silosini, ambayo inafanana na serotonini, mjumbe mmoja wa ubongo. Kiisha nusu saa hivi, rangi zinawaka, wakati unavutika, mutu anaweza kucheka, kulia ao kushikwa na woga mukubwa. Inadumu saa 4 mpaka 6. Kwa mwenye ugonjwa wa akili, hatari ni kubwa. Na kuko uyoga wa sumu unaofanana nao, wenye kuua.

Mwaka wa 1962 Hofmann mwenyewe alimpelekea María Sabina vidonge. Vilichelewa kufanya kazi, lakini mpaka asubuhi mama alikubali kwamba nguvu ya uyoga imo ndani.

Wakati ule vijana kutoka Marekani na Ulaya walikuwa wanamiminika Huautla. Walikula uyoga mchana, barabarani, bila ugonjwa wowote. Polisi wakamshuku María Sabina kuwa anauza madawa ya kulevya. Wenyeji wenzake wakamulaumu kwamba ameuza siri ya ukoo. Nyumba yake ikachomwa moto. Mwaka wa 1969 jeshi likaweka bariere na kufukuza wageni, na mwaka wa 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaweka silosibini kati ya vitu vinavyokatazwa kwa ukali kabisa.

Alipomsimulia maisha yake Álvaro Estrada, Mmazateki mwenzake aliyetoa kitabu mwaka wa 1977, María Sabina alieleza kwamba tangu wageni wafike, uyoga ulipoteza nguvu. Hata hivyo alikubali kwamba hakuwa na njia ya kuwakatalia.

Alikufa tarehe 22 Novemba 1985 katika hospitali ya Oaxaca, akiwa na miaka 91, na maskini sawa alivyozaliwa. Leo vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vinajaribu silosibini kwa wagonjwa wa huzuni kubwa isiyosikia dawa zingine, na makampuni yanaomba hati za umiliki juu yake. Kule Huautla sura ya María Sabina iko kwenye kuta na kwenye nguo zinazouzwa kwa watalii. Na ndani ya nyumba, wakati wa mvua, waganga wangali wanafanya mkesha kwa giza, kama kuko mgonjwa.