Livingstone na mkojo wa damu wa mtoto wake

Shuleni tulimsoma David Livingstone kama mzungu wa mito na maziwa, yule aliyetembea kwa miguu miaka na miaka mpaka akafika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, kule Maniema, mwaka 1871. Alikuwa misionere, tena munganga mwenye diplome. Leo tuache safari zake kidogo. Tumtazame alipokuwa kwao kwenye konje, mwaka 1864, wakati kijana wake Thomas alikuwa anakojoa damu na waganga wa Uingereza hawajui inatoka wapi.

Livingstone hakuzaliwa tajiri. Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, kule Scotland, katika nyumba ya chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Wazazi walio na watoto kwenye karieri wataelewa mara moja maisha hayo. Mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akawa anakisoma huku mashine inazunguka. Kidogo kidogo alifika masomo ya udaktari, akapata diplome mwaka 1840, na mwaka uliofuata alikuwa Afrika ya Kusini.

Mwaka 1845 alimuoa Mary, binti wa misionere Robert Moffat wa Kuruman. Walijenga nyumba Kolobeng, katika nchi tunayoita leo Botswana. Watoto wakafuatana haraka: Robert mwaka 1846, Agnes mwaka 1847, Thomas mwaka 1849.

Hapa njo shida ilianzia. Baba hakuweza kukaa fasi moja. Mwaka 1850 alifunga gari la ng'ombe, akapakia bibi yake mwenye mimba na watoto watatu, wakavuka jangwa mpaka Ziwa Ngami. Agnes na Thomas walishikwa na homa kali, wakarudi. Mimba ile ikazaliwa, mtoto wa kike akaitwa Elizabeth, na hakumaliza hata miezi miwili duniani. Mama Mary mwenyewe alibaki na upande mmoja wa uso umekufa ganzi. Mwaka 1851, Livingstone akasema twende tena, na Mary ana mimba ingine. Mama mkwe wake aliandika barua ya hasira, akamuuliza kama anataka kumuua binti yake na wajukuu. Alienda tu. Mtoto Oswell akazaliwa njiani, kando ya mto.

Mimi sioni namna ya kumtetea kwa hiyo. Ni kweli, hakuwaacha nyuma kwa kukosa upendo, na bibi yake pia alipenda kuwa pamoja naye kuliko kubaki peke yake. Lakini mtu anayejua dawa za homa, anayebeba kinini kwenye sanduku lake, alikuwa anahesabu homa tu. Maji hakuyaogopa. Na watoto wa miaka miwili, mitatu, wakifika kando ya ziwa baada ya majuma ya jangwa na kiu, watafanya nini? Wataingia ndani wacheze, sawa watoto wetu wanavyoingiaka kwenye vijito huku mama anafua nguo ao baba anaosha mchanga wa dhahabu.

Mwaka 1852 aliwapandisha bibi na watoto meli kule Cape Town, waende Uingereza, naye akarudi porini. Alikaa huko miaka minne na zaidi. Kwa dunia hiyo ndiyo miaka ya sifa: Luanda, maporomoko ya Zambezi, mpaka Quelimane kwenye bahari ya Hindi. Kwa Mary ilikuwa miaka ya kuhamahama na watoto wanne, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuelewana na wakwe zake, pesa ya misioni ilikuwa kidogo, na pombe ikaanza kumzoea. Baba alirudia Desemba 1856, akaandika kitabu kilichouzwa sana, na Machi 1858 akaondoka tena, sasa kama konsuli wa serikali. Mary alimfuata Zambezi mwaka 1862, akafa kwa homa kule Shupanga, miezi michache tu baada ya kufika.

Ndipo tunafika Julai 1864. Livingstone anashuka London, mjane wa miaka 51. Anaenda Hamilton, kwa mama yake na dada zake waliokuwa wanalea watoto. Anna Mary, wa mwisho, alikuwa na miaka mitano na hajamuona baba yake hata siku moja. Robert, wa kwanza, hakuwapo: alikuwa ameingia jeshi la Marekani kwa jina la uongo, kwenye vita vya kule, na Desemba ya mwaka uleule alikufa mfungwa katika kambi ya Salisbury, North Carolina. Alikuwa na miaka 18.

Na Thomas, miaka 15, alikuwa mgonjwa. Mwili dhaifu, na mkojo unatoka na damu. Kijana ameishi Uingereza tangu ana miaka mitatu, kwenye baridi, mbali na mbu na mito ya Afrika. Basi ugonjwa ulitoka wapi? Waganga hawakujua. Baba alikuwa munganga, na hakuwa na cha kusema zaidi yao.

Watu wa Mangina hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mwaka 2018 tulizika watu majuma mengi tukisema ni homa, wengine wakisema ni sumu, mpaka laboratwari ya Kinshasa ikaona Ebola na serikali ikatangaza tarehe 1 Agosti. Kabla ugonjwa haujapata jina, kila jirani ana maelezo yake.

Waandishi wengi waliochunguza maisha ya Livingstone wanaona kwamba Thomas alikuwa na bilarzioze, ile Waswahili wa pwani wanaita kichocho. Ni minyoo midogo inayokaa ndani ya mishipa ya damu. Ile ya kibofu inataga mayai yenye mwiba, mayai yanapasua nyama ya kibofu, damu inatoka. Minyoo inaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi, hata akihamia Ulaya. Kuna ingine ya matumbo, inayoleta damu kwenye choo na kuvimbisha ini. Ndiyo hiyo inayojulikana zaidi upande wa Ituri na Ziwa Albert.

Kinachouma ni kwamba jibu lilikuwa karibu. Mwaka huohuo wa 1864, pale London, munganga John Harley alichapisha kazi yake juu ya wagonjwa waliotoka Afrika ya Kusini na mkojo wa damu, akaonyesha kwamba sababu ni mnyoo. Lakini hata mtu angekisoma, dawa nzuri haikuwapo. Namna mnyoo unavyoingia pia haikujulikana mpaka mwaka 1915, wakati Robert Leiper alionyesha kule Misri kwamba unatoka kwa konokono wa maji na kupita kwenye ngozi, bila mtu kunywa hata tone. Dawa tunayopewa leo, prazikwanteli, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wa mtu, ilikuja katika miaka ya 1970. Munganga wa santé akikuuliza kama mtoto aliogelea, ao kama wewe mwenyewe unasimamaka kwenye maji ya karieri, mwambie yote, hata ya miaka ya nyuma.

Livingstone alimaliza konje yake. Majira yote ya baridi alikaa Newstead, katika nyumba kubwa ya rafiki yake William Webb, akiandika kitabu cha pili, Agnes akimsaidia. Agosti 1865 aliondoka tena, na Thomas hakumuona baba yake akiwa hai tena. Alimuona katika sanduku, Aprili 1874, alipozikwa katika kanisa la Westminster: mwili uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo mpaka pwani.

Thomas alipata kazi ya biashara Misri. Afya yake haikunyooka. Alikufa Alexandria mwaka 1876, na miaka 27. Kutoka pale mpaka Cairo ni masaa machache kwa treni, na ni Cairo ambako munganga Mjerumani Theodor Bilharz alipasua maiti mwaka 1851 na kuona mnyoo huo kwa mara ya kwanza, wakati Thomas alikuwa mtoto wa miaka miwili kwenye gari la ng'ombe la baba yake.