Wayland: Mwanajiolojia aliyeandika habari za mafuta ya Ziwa Albert

Edward James Wayland, mwanajiolojia Mwingereza ambaye jina lake haliachwi kila inaposimuliwa historia ya mafuta ya Uganda, alizaliwa mwaka 1888 na kufariki dunia mwaka 1966, miaka 40 kabla ya mafuta hayo kuthibitika kuwa ya kibiashara.

Wayland alifika Uganda mwaka 1919, baada ya kufanya kazi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Aliongoza idara ya utafiti wa jiolojia kwa takriban miaka 20. Mbali na madini, alikusanya zana za mawe na mabaki ya wanyama wa kale, yakiwemo ya Kaiso, kando ya Ziwa Albert.

Mwaka 1925 alitoa ripoti kuhusu petroli nchini Uganda, akieleza sehemu nyingi za bonde hilo zenye dalili za mafuta. Miongoni mwa maeneo ya ziwa hilo ambako mafuta huchuruzika yenyewe ni Kibiro, kijiji maarufu kwa biashara ya chumvi.

Hata hivyo, dalili ya juu haitaji kiasi kilichopo chini. Ni sawa na punje za mahindi zilizomwagika mlangoni mwa ghala: mnunuzi anajua mahindi yalipita hapo, lakini hajui kama ndani yamebaki magunia elfu moja au ghala ni tupu. Mafuta yanayochuruzika yanaweza kuwa ndiyo mabaki ya yaliyokwisha kuvuja.

Aidha, umbo la bonde lenyewe lilikuwa na utata. Wayland aliamini kwamba lilitokana na ardhi kubanwa kutoka pande mbili, ambapo wataalamu wa baadaye walikubaliana kwamba ardhi ilivutwa na kupasuka.

Mwaka 1938 kilichimbwa kisima cha Waki, karibu na Butiaba, hadi mita 1,237. Lami ilionekana, lakini mafuta hayakutiririka. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Pili ilianza, naye Wayland akaondoka Uganda. Baadaye alifanya kazi Bechuanaland, Botswana ya leo.

Ilibidi kusubiri vipimo vya sumaku vilivyofanywa kwa ndege mwaka 1983, na baadaye vya mitetemo, ili kujua unene wa matabaka. Mwaka 2006 mafuta ya kibiashara yalipatikana Mputa, katika eneo lile lile la Kaiso na Tonya.

Makadirio ya Uganda yalitajwa kuwa mapipa bilioni 3.5 mwaka 2012, kisha bilioni 6.5 mwaka 2014. Mafuta hayakuongezeka ardhini. Kilichoongezeka ni visima na vipimo. Kati ya hayo, yanayoweza kutolewa yaliwahi kukadiriwa kuwa takriban bilioni 1.4 tu.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, tofauti hiyo si ndogo. Bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wake ulifikiwa Februari 2022, linategemea mapipa yatakayotoka, si yote yaliyoko chini. Anayenunua lori au kujenga ghala kwa kutegemea mafuta hana budi kuuliza kwanza ni hesabu ipi inayotajwa.

Wayland aliorodhesha alichokiona. Kiasi kilichofichika kiliwachukua waliomfuata zaidi ya miaka 80 kukikadiria.