Edwin Lutyens: Msanifu wa Kaburi Tupu

Edwin Landseer Lutyens alizaliwa jijini London mnamo tarehe 29 Machi 1869, mwana wa askari aliyeacha jeshi akawa mchoraji. Maradhi ya utotoni yalimnyima masomo ya kawaida. Akawa mtoto wa kuzurura mashambani Surrey, akiwatazama waashi na maseremala kazini. Usanifu aliusomea kwa miaka miwili tu, na kabla ya kutimiza umri wa miaka 21 alikuwa amekwisha kufungua ofisi yake.

Sifa yake ya awali ilitokana na nyumba za matajiri. Aliyemwinua ni Bi. Gertrude Jekyll, bingwa wa bustani, ambaye katika shamba lake la Munstead Wood palikuwa na benchi zito lililotaniwa kwa jina la senotafu, yaani kaburi lisilo na maiti. Neno hilo Lutyens hakulisahau. Mwaka wa 1912 aliteuliwa kushiriki katika usanifu wa New Delhi, kazi iliyomchukua karibu miaka 20 na kumkosanisha na sahibu yake Herbert Baker, yule yule aliyekuja kusanifu Ikulu ya Nairobi.

Yamkini angekumbukwa kwa majumba tu, lau si vita. Mnamo Julai 1917 alizuru medani za Ufaransa kwa niaba ya Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita. Alipendekeza jiwe moja refu la futi 12, lisilo na msalaba wala alama ya dini yoyote, kwani waliolala pale walikuwa Wakristo, Waislamu, Wahindu na wasio na dini. Baadhi ya viongozi wa kanisa walihamaki. Hatimaye makaburi makubwa yaliwekewa jiwe lake pamoja na msalaba uliosanifiwa na Reginald Blomfield.

Mwaka wa 1919 Waziri Mkuu Lloyd George alimwomba mnara wa muda kwa gwaride la amani la tarehe 19 Julai. Ukajengwa kwa mbao na plasta katika barabara ya Whitehall. Gwaride likapita, lakini watu hawakuuacha: waliofiwa, ambao maiti za wapendwa wao hazikurudishwa nyumbani, waliufunika kwa maua. Serikali ikalazimika kuujenga upya kwa mawe, ukazinduliwa tarehe 11 Novemba 1920. Ukiutazama, utadhani mistari yake imenyooka. Kumbe yote imepindwa kidogo mno.

Kilele cha kazi hiyo ni Thiepval, Ufaransa, uliozinduliwa mwaka wa 1932. Ni matao juu ya matao, na kutani mna majina ya watu zaidi ya 72,000 ambao makaburi yao hayajulikani.

Hata hivyo, heshima hiyo ya jina haikufika kwetu. Maelfu ya wapagazi wa Kariakoo waliokufa kwa njaa na maradhi Afrika Mashariki hawakuandikwa popote. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziliwekewa sanamu za shaba za mchongaji James Alexander Stevenson, bila majina yao. Tume iliomba radhi mwaka wa 2021.

Lutyens alikufa tarehe 1 Januari 1944, akiacha kanisa kuu la Kikatoliki la Liverpool ambalo kuba lake lilikusudiwa kulipita lile la Mtakatifu Petro, Roma. Katika mchoro wake huo, kilichojengwa ni chumba cha chini ya ardhi pekee.