Seyyid Said na Bei ya Karafuu

Siku hizi bwenini kila mtu anaongelea hisa za DSE: hii imepanda, twende nayo kabla boom halijaisha. Mimi hunijia Seyyid Said bin Sultan, ambaye hisa hakuwahi kuziona.

Alizaliwa 1791, akaanza kutawala Oman 1806, na mwaka 1828 akafika Unguja. Karafuu ilikuwa inalipa mno, maana Waholanzi walikuwa wameibana kule Maluku. Basi inasimuliwa kuwa aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Matajiri wakakimbilia mashamba, wengi kwa mikopo, na kazi wakatwishwa watumwa, ambao bei ipande au ishuke hawakupata kitu.

Sasa, mkarafuu huchukua miaka sita hivi au zaidi kuanza kuzaa. Kila mmoja alipanda akiangalia bei ya siku ile, bila kuhesabu miche ya jirani. Kwetu Mgori tunaijua hiyo kwenye alizeti. Miaka ya 1840 mavuno yakafurika, bei ikaporomoka, madeni yakabaki palepale. Said mwenyewe alijaribu na miwa. Alifia baharini 1856, akirudi Unguja kutoka Oman.

Karafuu haikuwa imeharibika. Ilikuwa nyingi tu kuliko wanunuzi. Na kampuni ni hivyo: mwenzako akikwambia hisa imepanda, muulize faida yake imepanda pia, au ni sisi tu tunasukumana?

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika. Hapo bei ilipanda tena.