Helen Suzman (1917–2009): Mbunge Aliyepiga Kura Peke Yake

Helen Suzman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1917 huko Germiston, mji wa migodi karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Lithuania. Suzman ni jina la mumewe, daktari aliyemwoa akiwa na umri wa miaka 19. Kabla ya siasa alifundisha historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa mbunge wa Houghton, eneo la Wazungu wenye uwezo, kwa tiketi ya chama cha United, chama kikuu cha upinzani.

Ili kuelewa kazi yake, mwanafunzi sharti akumbuke bunge hilo lilikuwa la namna gani. Chama cha National kilikuwa madarakani tangu mwaka 1948, kikijenga ubaguzi wa rangi sheria moja baada ya nyingine. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, hawakuruhusiwa kugombea, na hata wabunge Wazungu wachache waliowekwa kuwasemea waliondolewa mwaka 1960. Upinzani nao ulikuwa mlegevu, kwani ulichelea kupoteza wapiga kura Wazungu. Mwaka 1959 Suzman na wenzake waliochoshwa na woga huo walijitoa wakaunda chama cha Progressive. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 wenzake wote walianguka. Yeye alipita kwa tofauti ya kura 564 tu, na kwa miaka 13 akawa mbunge pekee wa chama chake.

Mwaka 1963 Waziri wa Sheria, John Vorster, alileta muswada uliowaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka na bila kuonana na wakili. Siku hizo zikiisha, angeweza kukamatwa tena. Ndani yake kulikuwa pia na kifungu kilichotumika kuendelea kumshikilia Robert Sobukwe, kiongozi wa PAC, ingawa alikuwa amekwisha kutumikia kifungo chake. Chama cha United kiliunga mkono muswada huo. Kura zilipopigwa, Suzman alibaki peke yake upande wa wanaopinga. Mwaka 1967 alifanya hivyo tena dhidi ya Sheria ya Ugaidi, ambayo haikuweka hata kikomo cha siku za kumshikilia mtu.

Kura hiyo moja haikuzuia sheria yoyote kupita. Lakini mtahiniwa asiishie hapo, maana silaha yake kubwa ilikuwa maswali ya bungeni. Kwa kanuni za bunge, swali la mbunge lilipaswa kujibiwa na waziri. Suzman aliuliza ni watu wangapi wamekamatwa kwa sheria za pasi, wangapi wako kizuizini, na ni familia ngapi zimehamishwa kwa nguvu. Majibu yaliandikwa katika kumbukumbu rasmi za bunge. Gazeti lililoogopa kushtakiwa kwa kuandika habari za magereza liliweza kuchapisha yaliyosemwa bungeni bila hofu hiyo. Hivyo serikali ilijikuta inatoa yenyewe ushahidi dhidi yake. Mawaziri walilalamika kwamba maswali hayo yanaiaibisha nchi nje, na wabunge wa chama tawala walimzomea, wengine wakimkejeli kwa Uyahudi wake.

Alitumia pia nafasi yake kuingia mahali ambapo raia wa kawaida asingeingia. Mwaka 1967 alifika gereza la Robben Island. Wafungwa walimwelekeza kwa msemaji wao, Nelson Mandela, ambaye alimweleza mbele ya wakuu wa magereza juu ya askari mkatili aliyejichora alama ya Manazi mkononi. Suzman alilifikisha jambo hilo kwa waziri, na askari huyo akahamishwa.

Hata hivyo, hakukosa wakosoaji. Baadhi ya wapigania uhuru waliona kwamba kukaa katika bunge la Wazungu ni kulipa heshima lisilostahili. Chama chake chenyewe kilitaka kura itolewe kwa masharti ya elimu au mali hadi mwaka 1978 kilipoachana na msimamo huo, doa ambalo haifai kulificha katika jibu la mtihani. Vilevile, katika miaka ya 1980 alipinga vikwazo vya uchumi, akihofia vingewaumiza zaidi wafanyakazi Waafrika. Wengi waliokuwa wakimsifu hawakukubaliana naye.

Mwaka 1974 hatimaye alipata wenzake wa chama bungeni. Alistaafu mwaka 1989 baada ya miaka 36, miezi michache kabla Mandela hajaachiwa huru. Mandela alipotia saini katiba mpya huko Sharpeville, tarehe 10 Desemba 1996, Suzman alikuwapo. Alifariki dunia Johannesburg tarehe 1 Januari 2009, akiwa na umri wa miaka 91.