Joginder Singh: Fundi aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Maruku, mkoani Kagera, wanaijua vizuri hali hii. Kahawa imeuzwa, malipo yamepokelewa, na baada ya ada za shule na mahitaji ya nyumbani kinabaki kiasi cha fedha. Wapo wanaopanua kibanja, wapo wanaojenga, na wapo wanaoanza kulitazama gari dogo la kutembelea lililotumika nje ya nchi. Gari hilo lina injini yenye nguvu na linashika barabara vizuri, lakini bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya gari jipya.

Hapo ndipo ubishi huanza. Wengine husema kununua gari la mtumba ni kununua matatizo ya mtu mwingine. Wengine husema gari ni gari, lipigwe rangi tu. Katika ubishi huo ni vema kumkumbuka fundi mmoja wa Afrika Mashariki ambaye mwaka 1965 aliingia na gari lililokwisha kutumika katika mashindano magumu kuliko yote ya magari barani Afrika, akawaacha nyuma wenye magari mapya. Mtu huyo ni Joginder Singh, ambaye mashabiki walimwita Simba wa Kenya. Jina hilo lilimfaa mara mbili, kwa kuwa neno Singh lenyewe maana yake ni simba.

Mtoto wa Kericho

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Februari 9, 1932 huko Kericho, eneo la mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Familia yake ilikuwa ya Masingasinga kutoka Punjab, jamii iliyoleta Afrika Mashariki maseremala, wahunzi na mafundi wengi wa mitambo tangu enzi za ujenzi wa reli.

Alikulia katika mazingira ya kazi za mikono. Alijifunza ufundi wa magari katika gereji ya baba yake, akianza kama vijana wengi wa gereji wanavyoanza: kuosha vyuma, kushika taa, kumpa fundi mkubwa spana anayoihitaji. Elimu ya namna hiyo haina cheti, lakini ina faida moja kubwa. Mwanafunzi hulijua gari kutokea chini kwenda juu. Anajua bushi iliyolika inatoa sauti gani, na breki zinapoanza kuchoka mguu unahisi nini kabla macho hayajaona kitu.

Mwaka 1958 alipata kazi katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki cha wakati huo, akiwa mtu wake wa kwanza wa doria za barabarani. Kazi ya mtu wa doria ni kuwasaidia wanachama walioharibikiwa njiani. Anakuta gari limezima, mvua inanyesha, duka la vipuri liko mbali, na mwenye gari ana haraka. Inabidi atumie alichonacho. Kwa mtu ambaye baadaye angeshindana katika barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika, hakukuwa na chuo bora zaidi ya hicho.

Mashindano yaliyopima bei na uimara

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita katika nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zilezile ambazo wananchi walizitumia kwa mabasi, malori na baiskeli. Hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva aliweza kukutana na kundi la ng'ombe, daraja lililosombwa au lori lililokwama katikati ya njia.

Jambo linalowahusu wafanyabiashara ni kwamba katika miaka ya mwanzo magari hayakupangwa katika madaraja kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei yake dukani. Waandaaji walitaka mnunuzi wa kawaida ajue kwamba kwa kiasi fulani cha fedha, gari lipi litamfikisha. Ndiyo sababu matokeo ya Safari yaligeuka kuwa tangazo la biashara lenye nguvu kuliko bango lolote. Volkswagen na Peugeot zilijijengea jina Afrika Mashariki kwa njia hiyo, na Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, ikawa gari la kuaminika kwa wenye teksi na wasafirishaji.

Ukali wa mashindano hayo unaonekana kwa hesabu moja tu. Mwaka 1963 zaidi ya magari 80 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka 1968 pia yalimaliza saba. Kumaliza peke yake kulikuwa ni ushindi wa aina yake.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Katika maisha yake aliingia mara 22, akamaliza mara 19. Kwa barabara zile, hiyo ni rekodi inayomtofautisha na madereva wengi waliokuwa na kasi lakini hawakufika.

Pasaka ya mwaka 1965

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant Singh waliingia na Volvo aina ya PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika na timu ya kiwanda katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwa ndugu hao. Kwa lugha ya leo, lilikuwa mtumba, tena mtumba uliokwisha kuteswa.

Hata umbo lake lilikuwa la kizamani. Volvo ilianza kulichora gari la aina hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ingawa toleo la PV544 lilitoka mwaka 1958, mgongo wake ulioviringika kama wa kobe ulionyesha wazi umri wake. Mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza. Kwa macho ya mnunuzi anayefuata mitindo, hilo lilikuwa gari lililopitwa na wakati.

Lakini chini ya bati hilo kulikuwa na mambo mengine. Injini yake ya lita 1.8 ilikuwa na nguvu nyingi kwa gari la uzito ule. Ilisukuma magurudumu ya nyuma, na bodi yake ilikuwa ngumu. Zaidi ya hayo, muundo wake ulikuwa rahisi, kiasi kwamba fundi mwenye vifaa vya kawaida aliweza kuufungua na kuurudisha. Aidha, magari ya Volvo ya aina hiyo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kufungwa mikanda ya usalama yenye ncha tatu, mwaka 1959, miaka mingi kabla wengine hawajafuata.

Washindani hawakuwa watu wa kubeza. Ford ilikuwa imeshinda mwaka uliotangulia kwa Cortina GT na ilirudi kutetea taji. Nyuma ya timu kama hizo kulikuwa na fedha za kiwanda, magari ya akiba na mafundi wa kuwasubiri madereva njiani. Ndugu wawili wa Nairobi walikuwa na gari moja lililotumika, pamoja na ujuzi wao.

Katika upangaji wa namba, Joginder alipata namba moja, yaani gari la kwanza kuondoka. Nafasi hiyo ina faida na hasara zake. Wa kwanza hali vumbi la mtu, lakini pia hana alama za magurudumu za kufuata, na akifika kwenye tope au mto hakuna aliyetangulia kumwonyesha pa kupita. Pasaka huangukia msimu wa masika, hivyo suala la tope si dogo.

Njia ilikuwa karibu kilomita 5,000. Kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo cha ukaguzi ilihesabiwa kuwa adhabu. Katika hali hiyo dereva asiye na subira hulikimbiza gari hadi livunjike, na dereva mwoga hujaza adhabu. Joginder alikwenda katikati ya hayo mawili. Alijua gari lake linaweza kubeba nini na halitabeba nini, kwa sababu yeye mwenyewe ni fundi. Aliondoka wa kwanza Nairobi, na mwisho wa safari akatangazwa mshindi kwa pengo kubwa. Peugeot 404 ilishika nafasi ya pili.

Gari dogo lawashinda wakubwa

Ushindi wa 1965 haukuwa bahati ya mara moja. Mwaka 1974 Joginder, safari hii akiwa na msaidizi wake David Doig, alileta gari ambalo wengi hawakulitilia maanani. Lilikuwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo la kutembelea la Kijapani lenye injini ya lita 1.6. Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na miongoni mwa wapinzani alikuwa Björn Waldegård wa Sweden akiwa na Porsche 911.

Joginder alishinda, Waldegård akawa wa pili. Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia tena kwa Lancer, na magari ya aina hiyo yakachukua nafasi zote tatu za juu. Kwa ushindi huo Joginder alikuwa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Kibiashara, matokeo hayo yaliwafungua watu macho. Hadi wakati huo wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki waliamini kwamba uimara ni wa magari ya Ulaya, na ya Japani ni ya bei rahisi tu. Baada ya ushindi wa Datsun na Mitsubishi katika miaka ya 1970, imani hiyo ilianza kubadilika. Mitaa ya Bukoba, Muleba na Mwanza leo imejaa magari ya Kijapani, mengi yakiwa yameagizwa yakiwa yametumika.

Joginder alistaafu mashindano, na miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza. Alifariki dunia jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Hesabu kwa mkulima wa Maruku

Maisha ya Joginder hayamwambii mkulima akimbize gari. Barabara za vijiji si uwanja wa mashindano, na watoto wa shule na waendesha baiskeli wanaobeba mikungu ya ndizi wana haki ya kufika salama. Yanachoonyesha ni kwamba furaha na faida ya gari lililotumika hutokana na kulijua.

Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo. Hasara hiyo hubebwa na mnunuzi wa kwanza. Anayelinunua baadaye hupata injini ileile na viti vilevile kwa bei ndogo. Hata hivyo, nafuu hiyo si ya bure. Ushuru wa forodhani Tanzania huangalia pia ukubwa wa injini na umri wa gari, na gari kuukuu sana hutozwa zaidi. Injini kubwa hunywa mafuta zaidi. Kipuri kisichopatikana Bukoba kitasubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na siku za kusubiri gari limelala ni gharama, hata kama hakuna anayeziandika kwenye daftari.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi na ampeleke fundi asiye na maslahi na muuzaji. Waingie chini ya gari watazame kutu, mafuta yanayovuja na shokapu. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, moshi utazamwe rangi yake. Ulizeni bei ya breki, bushi na tairi za gari hilo kabla ya kuuliza bei ya redio. Kisha itengwe akiba ya matengenezo nje ya bei ya kununulia. Asiyeweza kutenga akiba hiyo msimu huu ni afadhali asubiri msimu ujao wa kahawa.

Anayetimiza hayo anaweza kupata kitu ambacho hakipimwi kwa shilingi pekee. Ni alfajiri ya kutoka Maruku kwenda Bukoba, barabara bado tupu, injini inavuta kilima bila kulalamika, na mwenye gari anaitambua kila sauti inayotoka chini ya boneti. Joginder Singh aliipata raha hiyo katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, kwa sababu kabla ya kukaa kwenye usukani alikuwa amekwisha kulala chini yake na spana mkononi.